Vazi la Freddie wa Angani Likikugomea: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Vazi lenyewe ni hili: jaketi la njano lenye mikanda na bizimu kifuani, suruali nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni, na juu ya shingo helmeti nyeupe ya askari wa angani iliyobandikwa masharubu meusi. Ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, wa uwanja wa Wembley, Julai 1986, aliyejiandikisha jeshini kwenye sayari nyingine. Linatengenezwa nyumbani kwa nguo za mtumba, foamu ya fundi viatu, gundi na taa chache.

Akitokea mtu wa kukuambia kwamba rock na hadithi za anga hazipikiki chungu kimoja, mkumbushe kwamba jalada la albamu ya Queen ya 1977 lilikuwa na roboti mkubwa, kwamba mwaka 1980 bendi hiyo ilitunga muziki wa filamu ya angani, na kwamba kwenye ziara ya mwaka huohuo Freddie alitokea jukwaani akiwa amebebwa mabegani na mtu aliyevaa kama Darth Vader, yule mwovu mwenye helmeti nyeusi wa filamu za Star Wars. Mpiga gitaa wao, Brian May, alipata shahada ya udaktari katika fizikia ya anga pale Imperial College mwaka 2007. Freddie mwenyewe alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, kwa hiyo watu wa Mji Mkongwe wakitaka kumvisha helmeti ni haki yao ya kifamilia.

Sasa tuingie kwenye matatizo. Karibu yote yanayolalamikiwa yana mzizi mmoja: askari wa angani husimama wima, mwanarock hatulii. Gamba gumu linavalishwa mtu anayeruka, na linaposhikana na kitambaa au na ngozi ndipo panapoharibika. Kwa hiyo kabla hujagusa rangi, vaa kila kitu, funga kila bizimu, weka wimbo mmoja na uucheze mpaka mwisho. Inua ngumi juu kabisa, piga goti, geuka ghafla, inama uokote kitu sakafuni. Kitakachogoma hapo ndicho cha kutafuta katika dalili zifuatazo.

Dalili: watu wanakuuliza "wewe ni nani?"

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi ndicho chenyewe, ni wingi wa vitu. Mtu kaweka helmeti, kinga za kifua, kinga za magoti, bunduki ya leza, gitaa, joho na miwani. Kila kimoja kinapiga kelele, hakisikiki hata kimoja.

Kipimo ni rahisi. Mwombe mtu akupige picha kutoka ng'ambo ya barabara, kisha uipunguze kwenye simu mpaka iwe na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Je, unaona njano na unaona helmeti? Kama unaona rundo tu, anza kuvua. Kwa upande wa anga, helmeti peke yake inatosha. Kwa upande wa rock, jaketi, masharubu na ngumi iliyoinuliwa. Kinga ya kifua, hata iwe nzuri vipi, iache nyumbani: inafunika jaketi, na jaketi ndilo lililombeba Freddie.

Chanzo cha pili ni njano yenyewe. Njano iliyofifia ya mtumba inageuka rangi ya maziwa chini ya taa za ukumbini. Ukitaka kulitia rangi upya, soma kwanza lebo ya ndani. Pamba inashika rangi ya kawaida ya nguo. Poliesta haishiki, utaishia na sufuria chafu na jaketi lilelile. Na jaketi jeusi haligeuki njano kwa kulichovya. Tafuta jeupe au la rangi ya krimu.

Dalili: ukiinua ngumi, jaketi linapanda mpaka kitovuni au linachanika kwapani

Hili ndilo linalowaumiza wengi, maana bila ile ngumi hakuna Freddie.

Angalia kwanza mikanda ya kifuani. Ikiwa imeshonwa ikavutwa kuzunguka mbavu, inalibana jaketi lisifuate mkono. Fungua bizimu zote, inua mkono tena. Tatizo likiisha, shona mikanda upya, safari hii ikiwa mapambo tu: ikae juu ya kitambaa bila kukivuta.

Likibaki, tazama tundu la mkono. Watu wengi hudhani tundu pana ndilo linaloleta uhuru, kumbe ni kinyume. Tundu likishuka chini sana kuelekea kiunoni, kila ukiinua mkono unainua jaketi zima. Tundu linalokaa juu, karibu na kwapa, huacha mwili wa jaketi utulie mkono unapokwenda. Jaketi la mtumba lililokuzidi saizi moja au mbili huwa na kasoro hii, hivyo mara nyingine dawa ni kutafuta jaketi dogo zaidi.

Chanzo cha tatu ni kukosa kipande cha kwapa. Chukua kanzu ya kushonwa kwa mtindo wa zamani uitazame chini ya mkono: utakuta kipande kidogo cha pembe nne kimewekwa pale penye makutano ya mkono na ubavu. Kipande hicho ndicho kinachomruhusu mtu ainue mikono bila nguo kupanda. Fumua mshono wa kwapani kiasi cha sentimita saba kila upande, katia kitambaa cha pembe nne cha rangi ileile, ukikate kwa mshazari ili kivutike kidogo. Kikiwa cha njano hakuna atakayekiona.

Simama umwite fundi cherehani ikiwa jaketi ni la ngozi halisi au ngozi bandia. Kila tundu la sindano kwenye ngozi linabaki milele, na cherehani ya nyumbani itavunja sindano kabla haijamaliza mshono. Fundi mwenye mashine nzito huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi.

Dalili: kioo cha helmeti kinaingia ukungu, huoni mbele

Kwanza hakikisha ni ukungu kweli. Futa kioo kwa ndani kwa kidole. Kikisafika kisha kikarudi ukungu baada ya pumzi chache, ni mvuke. Kisiposafika, ni gundi au rangi iliyopulizwa ikapenya ndani, na hiyo inahitaji kioo kipya.

Kwa mvuke, chanzo kikuu ni pumzi kukosa njia ya kutokea. Inapanda, inakuta paa lililozibwa, inarudi kwenye kioo. Toboa matundu mahali pawili: chini karibu na kidevu hewa iingie, na juu nyuma ya kisogo hewa ya moto itoke. Tundu la chini peke yake halitoshi. Masharubu yatakusaidia hapa, maana chini yake unaweza kuficha ufa mzima wa hewa ambao hakuna atakayeugundua.

Ikiwa matundu yapo na bado kuna ukungu, paka tone la sabuni ya maji ya vyombo upande wa ndani wa kioo, kisha ulifute kwa kitambaa kikavu mpaka lisionekane. Hudumu kwa muda tu, kwa hiyo tembea na kitambaa chako.

Tiba ya ndani zaidi ni feni ndogo ya volti 5, ya aina inayopoza kompyuta, ikae kisogoni ikivuta hewa na kuitoa nje. Watu wengi huielekeza usoni. Hapo inasukuma hewa yenye unyevu ileile na kukausha macho bila kuondoa ukungu.

Vua helmeti mara moja ukihisi kizunguzungu, kichwa kugonga, kichefuchefu au giza machoni. Usisubiri wimbo uishe. Kaa kivulini, kunywa maji. Mtu akianza kuongea ovyo, akachanganyikiwa au akazimia, huo si uchovu wa dansi tena: mpoze kwa maji na feni huku akipelekwa hospitali. Mwenye pumu asivae helmeti iliyofungwa kabisa. Atengeneze yenye uso wazi, ibaki paa na mashavu tu, na masharubu ayavae mwenyewe.

Dalili: maungio ya foamu yanafunguka

Foamu tunayosema ni EVA, ileile ya soli za ndala na ya mikeka ya mafumbo ya watoto. Unene wa milimita 10 unafaa kwa gamba la helmeti, milimita 5 kwa urembo.

Maungio yakifunguka, mtuhumiwa wa kwanza ni haraka. Gundi ya viatu haiunganishi ikiwa mbichi. Inapakwa pande zote mbili, nyembamba, inaachwa kama dakika kumi hivi mpaka ukiigusa kwa kidole hainati wala haivutiki, ndipo pande zinakutanishwa. Hapo inashika papo hapo, hakuna kusogeza. Mtu aliyezoea gundi ya karatasi hupaka upande mmoja, akabandika, akashikilia kwa mkono, na kesho yake kila kitu kiko sakafuni.

Mtuhumiwa wa pili ni wembe butu. Ukiona kingo za foamu zina meno na vipande vinavyoning'inia, ujue pande hazigusani vizuri, gundi inaning'inia hewani. Badilisha wembe mapema kuliko unavyodhani, maana foamu hula makali upesi.

Wa tatu ni joto. Helmeti iliyoachwa ndani ya gari juani mchana wa Dar au Mombasa hurudi ikiwa imefunguka, kwa sababu gundi hulainika na foamu hutaka kurudi bapa ilivyokuwa. Ndiyo maana foamu hukunjwa kwa joto kwanza, kwa mashine ya hewa moto au hata bloa ya fundi simu, ikashikiliwa mpaka ipoe. Kipande kilichokwisha kushika mviringo hakishindani na gundi.

Tahadhari: gundi hii hutoa mvuke unaolewesha na unaoshika moto. Fanya kazi nje au madirisha yote yakiwa wazi, mbali na jiko la gesi, mkaa na sigara. Ukianza kuhisi kichwa chepesi, funika kopo utoke.

Dalili: rangi inapasuka, inabanduka au inabaki kunata

Kupasuka kunatokana na rangi ngumu juu ya kitu laini. Foamu inakunjika, rangi ya mafuta haikunjiki. Kabla ya rangi, pitisha hewa moto juu ya foamu yote mpaka uso wake uanze kung'aa kidogo; vitundu vyake vinafunga. Kisha paka matabaka matatu au manne membamba ya gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, kila moja likauke kabla ya jingine. Juu yake tumia rangi ya akriliki, ambayo huenda na mkunjo.

Kubanduka vipande vipande ni habari ya mafuta ya mikono au vumbi la msasa. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kausha, anza upya sehemu hiyo tu.

Kunata kunawapata zaidi watu wa pwani. Rangi ya kupuliza ikipigwa siku yenye unyevu mwingi huchukua muda kukauka, na mara nyingine huota utandu mweupe juu. Puliza asubuhi jua likishapanda, usipulize mvua ikinukia. Matabaka manene nayo hukauka juu yakabaki mabichi ndani. Ukikuta imeshafikia hapo, usiongeze tabaka jingine ukitumaini litaficha. Iache siku kadhaa penye hewa, ikishindikana ikwangue.

Jambo moja la kando: ukitumia ile foamu nyeupe ya maboksi ya televisheni badala ya EVA, rangi ya kupuliza na gundi ya viatu zitaiyeyusha mbele ya macho yako. Hilo halina dawa.

Dalili: taa haziwaki, zinapepesa au zinazima zenyewe

Zinapepesa ukicheza? Waya umekatika shingoni. Karibu kila mara ni shingoni, pale unapotoka kwenye helmeti isiyojongea kwenda kwenye jaketi linalojongea. Washa taa, shika waya, utikise kidogo kidogo kuanzia juu mpaka uone inapopepesa. Unganisha upya, kisha uache kitanzi cha waya kilicholegea na uufunge pande zote mbili za kitanzi hicho, ili mvutano uishie kwenye fundo usifike kwenye kiungo.

Haziwaki kabisa? Betri kwanza, swichi pili, kisha mguu wa LED: ule mrefu ndio chanya, na ukigeuzwa haiwaki. Ikiwa umefunga LED nyekundu na nyeupe pamoja kwenye rezista moja (kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme), nyekundu itawaka na nyeupe itabaki giza, kwa kuwa nyekundu inahitaji karibu volti 2 na nyeupe karibu volti 3. Kila LED iwe na rezista yake. Hesabu ya pawa benki ya volti 5 ni hii: kwa nyekundu, 5 toa 2 ni 3, gawa kwa mkondo wa ampea 0.02, unapata omu 150. Kwa nyeupe, 5 toa 3 ni 2, unapata omu 100. Rezista kubwa kidogo haidhuru, taa itafifia tu. Ndogo mno itaiunguza.

Zinawaka vizuri kisha baada ya muda mfupi zinazima zote kwa pamoja? Taa zako hazina kosa. Pawa benki nyingi hujizima zikiona mkondo unaovutwa ni mdogo, zikidhani simu imejaa. LED tatu hazivuti kitu. Dawa nzuri ni ile feni ya ukungu: ifunge kwenye pawa benki ileile, na mara nyingi mkondo wake unatosha kuiweka macho.

Acha kila kitu na uende kwa fundi, au ununue nyingine, ikiwa betri imevimba, ina joto hata ikiwa imezimwa, au inatoa harufu tamu ya ajabu. Usiitoboe, usiichaji, usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Pawa benki yenyewe ikae mfukoni mwa jaketi, kamwe isikae ndani ya helmeti. Na usivae kitu chochote kilichounganishwa kwenye umeme wa ukutani, hata kwa picha ya dakika moja. Kama hujawahi kulehemu, fundi simu wa mtaani atakufungia taa zote tatu haraka kuliko wewe kujifunza kwa kujiunguza vidole.

Dalili: masharubu yanaanguka

Ya kwenye helmeti huanguka na rangi yake. Gundi imeshika rangi vizuri, lakini rangi haikushika foamu. Shona manyoya bandia juu ya kipande chembamba cha foamu, kwangua rangi mahali pake, gundisha foamu kwa foamu.

Ya usoni, kwa wale wanaopenda kuvua helmeti na kuonyesha masharubu mengine chini yake (na kicheko kinachofuata kinastahili kazi yote hiyo), huanguka kwa jasho au kwa mafuta ya kujipaka. Osha mdomo wa juu, kausha, ndipo utumie gundi ya kope. Ijaribu siku moja kabla kwenye ngozi ya ndani ya mkono, kwa sababu baadhi zina mpira unaowadhuru watu wengine. Ikiwasha, acha. Midomo ikivimba au kupumua kukiwa kwa shida, ni hospitali bila mjadala.

Gundi kali ya matone, ile inayogandisha vidole, isikaribie uso. Na isimwagike kwenye nguo ya pamba uliyovaa: ikikutana na pamba hupata joto la ghafla linaloweza kuunguza ngozi. Unga wa kumetameta (glita) wa kazi za mikono nao una kingo kali. Karibu na macho tumia ule wa vipodozi pekee. Ukiingia jichoni usisugue, suuza kwa maji mengi safi, na maumivu yakibaki mwone daktari wa macho.

Dalili: shingo inauma

Uzito uko mbele. Sogeza feni kisogoni, na ujaze foamu laini utosini ili helmeti ikalie kichwa isining'inie puani. Hata Elvis Presley, kwa onyesho lake la Hawaii la Januari 1973, alishonewa joho refu likawa zito mno, ikabidi lifanywe fupi. Ukitamani joho juu ya haya yote, kumbuka hilo.

Dalili: kijiti cha maikrofoni kinavunjika au kinazuiwa mlangoni

Freddie alishika nusu ya kijiti, kwa hiyo bomba la PVC la kupitishia waya za umeme, urefu kama wa mkono wako na ziada kidogo, linatosha. Huvunjika pale lilipokatwa kwa msumeno likaachwa na ufa. Piga msasa ncha zote mbili na uingize kijiti cha mbao ndani. Usilipinde kwa moto wa wazi, PVC ikiungua inatoa gesi kali inayochoma koo. Maji yanayochemka yanatosha.

Mlangoni, walinzi huwa na wasiwasi na chochote chenye umbo la silaha au kizito cha chuma. Waulize waandaaji kabla ya siku yenyewe, na kijiti chako kiwe chepesi kiasi kwamba mlinzi akikishika anacheka. Kama unasafiri kwa ndege kwenda kwenye onyesho, pawa benki iende na mkoba wa mkononi, haikubaliki kwenye mzigo wa chini, na helmeti iwe na soksi zako ndani yake isibonyee.